Kivuli Juu ya Jabali

Saintpaulia haikimbilii udongo wenye rutuba. Sakafu ya misitu ya Usambara Mashariki, nchini Tanzania, ina mboji ya kuutosha mmea wowote, lakini ua hili limejichagulia mawe. Huota kwenye nyufa za majabali, kwenye ubavu wa mwamba ulioinamia korongo, mahali ambapo maji hupita bila kutuama na miche ya miti mikubwa haipati pa kushika. Mizizi yake ni mifupi na laini, imejishikiza kwenye tabaka jembamba la kuvumwani na majani yaliyooza. Majani yake ni manene, yamefunikwa malaika, yamejipanga duara kuzunguka kitovu kimoja. Hapo hunyanyuka vikonyo vyembamba vyenye maua ya buluu inayoelekea zambarau, na katikati ya kila ua kuna vifuko viwili vya chavua vya manjano yaliyoiva. Mmea mzima una kimo cha kiganja. Mpita njia mwenye haraka huweza kuumaliza msitu wote wa Amani asiuone hata mmoja.

Kukaa juu ya jiwe kuna faida na kuna gharama, na habari yote ya ua hili imo katika gharama hiyo. Chini msituni majani makavu huanguka mwaka mzima. Mmea mfupi kiasi hicho ungefukiwa, na usipofukiwa ungezidiwa na vichaka vinavyogombea mwanga. Juu ya jabali hakuna anayeusonga. Lakini jabali halina akiba. Udongo wa bondeni ukikauka juu, chini yake bado kuna unyevu wa siku nyingi, ilhali kuvumwani ya unene wa kidole ikipigwa na jua la saa sita mchana huweza kukauka kabla ya magharibi. Kwa hiyo Saintpaulia huishi kwa hewa yenye unyevu, na hewa ya namna hiyo haidumu juu ya jiwe ila pakiwa na miti mirefu iliyoziba anga. Anayetaka kujua kama ua hili litakuwapo mahali fulani miaka kumi ijayo asiinamie jiwe; atazame juu, ahesabu miti iliyobaki.

Unyevu wenyewe asili yake ni bahari. Upepo wa Bahari ya Hindi hukutana na kuta za milima, hupanda, hupoa, ukageuka ukungu na mvua. Amani, iliyo kiasi cha mita 900 juu ya usawa wa bahari na si mbali na pwani ya Tanga, hupata mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka. Wataalamu wanaona kwamba bahari imekuwa ikiilisha milima hii kwa mamilioni ya miaka, hata katika nyakati ambazo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka na misitu yake ikanywea. Milima ya Tao la Mashariki, kuanzia Taita nchini Kenya, kupitia Pare na Usambara, Nguru na Uluguru, hadi Udzungwa, ilibaki visiwa vya msitu katikati ya nyika, na kila kisiwa kikalea viumbe vyake.

Ndiyo maana Saintpaulia ya porini haipatikani popote duniani isipokuwa Tanzania na Kenya, na hata katika nchi hizi mbili haikuenea ovyo. Ipo ya Shume, Usambara Magharibi. Ipo ya Uluguru, inayoota juu zaidi penye baridi. Ipo inayoshika mawe ya chokaa karibu na mji wa Tanga, chini kabisa, ambako harufu ya bahari inafika. Ipo ya Mbololo katika milima ya Taita, ambayo nje ya Mbololo haijulikani. Na ipo ya Kilifi, kwenye majabali ya Cha Simba, katika nchi ya Mijikenda. Mara nyingine makazi yote ya jamii moja ni bonde moja, au genge moja la mawe ambalo mtu hulizunguka kwa miguu asubuhi moja akarudi nyumbani kwa chakula cha mchana.

Vitabu vya maua humtaja mtu mmoja kuwa ndiye aliyeligundua: Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani aliyekuwa na makao Tanga. Mwaka 1892 alimpelekea baba yake Ujerumani mmea huu. Baba akaufikisha kwa Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya kifalme ya Herrenhausen mjini Hannover, na mwaka 1893 Wendland akautangaza kwa jina la Saintpaulia ionantha. Hata hivyo, hata kwa Wazungu yeye hakuwa wa kwanza. John Kirk, balozi wa Uingereza aliyekaa Zanzibar miaka mingi, alikwisha kupeleka sampuli katika bustani ya Kew mwaka 1884, na mchungaji William Ernest Taylor, mmisionari wa Mombasa, akapeleka zake mwaka 1887. Sampuli hizo zilikuwa pungufu, wataalamu wa Kew hawakuweza kuziandikia maelezo, zikawekwa kando.

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili atakuwa amelitambua jina la Taylor. Ndiye huyohuyo aliyechapisha mkusanyo wa methali za Waswahili mwaka 1891, na ndiye aliyekusanya mashairi ya Muyaka bin Haji kwa msaada wa Mwalimu Sikujua wa Mombasa, kazi iliyomwezesha William Hichens kuitoa Diwani ya Muyaka mwaka 1940. Saint Paul-Illaire naye hakuwa mgeni wa lugha. Mwaka 1890, miaka miwili kabla ya kulipeleka ua Ujerumani, alitoa kitabu cha kuwafundisha Wajerumani Kiswahili. Kwa hiyo wawili kati ya watu watatu wa mwanzo kulifikisha ua hili Ulaya walikuwa wanafunzi wa lugha yetu. Waliingia msituni wakiwa na maneno. Waliweza kuuliza njia, kuuliza mto huu unatoka wapi, kuuliza kinachoota kwenye majabali ya kule juu. Na kila walipouliza, alikuwapo wa kuwajibu.

Jambo hili limenikaa moyoni kuliko mengine yote katika habari za Saintpaulia. Ofisa wa mwaka 1892 hakufika kwenye makorongo ya Usambara bila Msambaa au Mbondei wa kumtangulia, na mchungaji hakupita vichaka vya Giriama bila mwenyeji wa kumwonyesha. Katika mashairi tunamjua msaidizi. Mwalimu Sikujua alieleza maneno magumu, alitaja nani alimjibu nani na kwa sababu gani, na kila anayemsoma Muyaka leo ana deni kwake, deni ambalo wahariri wamelikiri. Katika ua, msaidizi hayupo. Shairi lilionekana kuwa na mwenyewe, kwa hiyo aliyelieleza akakumbukwa. Ua likahesabiwa kuwa halina mwenyewe, kwa hiyo aliyelionyesha hakuandikwa. Mikono ya Taylor ilichukua vyote viwili katika pwani moja na miaka ileile. Kimoja kilirudi kwetu kikiwa kitabu. Cha pili watu wetu wengi wanakutana nacho dukani, kwenye kopo la plastiki, wakidhani kimetoka Uholanzi.

Yaliyofuata huko ng'ambo yalikwenda mbio, nami nitayapitia kwa haraka vilevile. Kampuni ya mbegu ya Ernst Benary mjini Erfurt ilianza kuuza mbegu zake mara moja. Katika miaka ya 1920 wakulima wa maua wa Los Angeles waliagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, wakachagua miche kumi iliyowapendeza, na kutokana na miche hiyo biashara ikaenea Marekani nzima. Mwaka 1946 wapenzi wake walianzisha chama chao kilichobeba jina la ua hili kwa Kiingereza, African Violet Society of America, ambacho kipo hadi leo, chenye maonyesho na mashindano. Aina zilizotokana na uzalishaji wa bustanini ni maelfu: za waridi, nyeupe, zenye kingo za mawimbi, zenye petali tabaka juu ya tabaka.

Siri ya kusambaa huko ni jani. Chukua jani moja na kikonyo chake, lichomeke kwenye udongo mwepesi wenye unyevu, na baada ya wiki kadhaa miche midogo itachomoza shinani. Jirani alimpa jirani jani, mama akampa binti anayeolewa, na hivyo ua likavuka mabara bila mbegu wala fedha. Lilifaa pia vyumba vya nchi za baridi kwa sababu lilizoea mwanga hafifu. Dirisha lisilopigwa na jua kali lilikuwa linakaribia kivuli cha msitu. Na tabia zake za jabalini lilihama nazo. Maji baridi yakidondokea majani huacha mabaka, na maji yakituama chini ya kopo mizizi huoza. Wengi wanaolipoteza hulipoteza kwa kulimwagilia mno. Miaka zaidi ya 130 tangu liondoke Tanga, bado linadai lilichokuwa likidai pale: maji yapite, yasikae.

Lakini jani huzaa nakala tu. Msituni mambo ni tofauti kabisa, na hapa ndipo ninapoona kwamba ua la dirishani na ua la jabalini, ingawa ni damu moja, hayaishi maisha mamoja. Tazama ua la porini kwa karibu. Kijiti chake cha kike hakisimami katikati. Kwenye ua moja kimepinda kushoto, kwenye jingine kulia. Nyuki akitua kwenye la kwanza hupakwa chavua upande mmoja wa mwili, na upande huo ndio utakaogusana na kijiti cha ua lililopinda kwingine. Mbochi hakuna, ua humlipa nyuki kwa chavua peke yake, na chavua yenyewe imefungiwa ndani ya vile vifuko vya manjano, haitoki ila kwa mtikisiko. Nyuki hulikumbatia ua, akatetemesha misuli ya kifuani kwa mvumo mzito, na unga ukamwagika. Nyuki wa asali tunayemfuga mizingani hana ujuzi huo. Ni kazi ya nyuki wengine wa porini, ambao nao wana mahitaji yao: mahali pa kutagia, maua mengine ya kuwalisha miezi ambayo Saintpaulia haijachanua. Jabali linaweza kuonekana limejaa majani mabichi na bado likawa limeanza kuzeeka, kwa kuwa wanaolivushia chavua wameondoka na mbegu mpya hazipatikani.

Wataalamu nao wamelitazama ua hili kwa macho yaliyobadilika. Katikati ya karne ya 20 B. L. Burtt wa bustani ya mimea ya Edinburgh alieleza spishi moja baada ya nyingine, hadi orodha ikafika takriban ishirini. Mwaka 2006 Iain Darbyshire wa Kew aliipitia upya, akazipunguza hadi sita, na nyingi za zile za zamani zikawa nususpishi za ionantha. Kisha mwaka 2015, baada ya uchunguzi wa vinasaba, jenasi yenyewe ikaunganishwa na jenasi kubwa zaidi ya Streptocarpus, na Saintpaulia ikabaki jina la kundi ndani yake. Sina ugomvi na sayansi hiyo. Ushahidi wa undugu upo. Wasiwasi wangu uko upande wa orodha. Anayegawa fedha za hifadhi akiona spishi moja iliyoenea kutoka Kilifi hadi kusini mwa Usambara, hushusha pumzi. Haoni kwamba kila genge la mawe lina jamii yake, iliyotengana na nyingine kwa muda mrefu, na kwamba jamii ya genge moja ikifa hakuna wa kutoka genge la pili atakayekuja kuipandikiza.

Na zinakufa kwa njia ya kimya. Ni nadra mtu kukusudia kuiharibu Saintpaulia. Watu huchukua kilicho juu yake. Kwanza yalifyekwa mashamba ya kahawa na baadaye ya chai, yakaikata misitu ya Usambara Mashariki vipande vipande. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo Amani mwaka 1902, wakapanda miti ya kila upande wa dunia, na mmoja wa miti iliyoletwa huko, Maesopsis eminii, ukatoka mashambani na kujaza mapengo ya msitu. Hupukutisha majani yake, na kivuli chake ni chepesi. Katika miaka ya 1970 na ya 1980 uvunaji wa magogo kwa mitambo ulifungua mapengo zaidi, mpaka ukasimamishwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wachimbaji wa dhahabu waliingia kwenye mito ya Amani, ingawa tangu mwaka 1997 msitu huo ulikuwa umetangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia.

Iliki inahitaji kuzungumzwa peke yake, kwa sababu ni zao linalopenda hasa pale panapopendwa na Saintpaulia: penye kivuli na unyevu. Mkulima hufyeka vichaka na miti midogo, akaacha ile mirefu ya kumfunikia shamba. Kwa miaka michache msitu huonekana kama bado upo. Lakini miche ya miti imeondolewa, hakuna wa kuwarithi wazee wakianguka, na udongo ukichoka iliki hung'olewa, muhogo au migomba ikachukua nafasi. Simlaumu mkulima huyo. Iliki imelipa ada za shule na kuezeka nyumba kwa bati katika vijiji ambavyo barabara zake hukatika kila masika. Ninachosema ni kwamba jabali lililokuwa na kivuli wakati wa babu yake sasa linapigwa na jua, na juu yake kilichobaki ni kuvumwani iliyogeuka kahawia.

Kuna anayeweza kuuliza kama inafaa kuhangaika kwa ajili ya ua lisilolika. Jibu liko kwenye bomba. Mto Zigi hukusanya maji yake kwenye misitu hiyohiyo ya Amani, ukashuka hadi bwawa la Mabayani, na kutoka Mabayani mji wa Tanga hunywa. Kivuli kinachozuia kuvumwani isikauke juu ya jiwe ndicho kinachoyafanya maji ya mvua yanywewe na ardhi polepole badala ya kuporomoka na udongo mwekundu hadi bwawani. Mahali ambapo Saintpaulia imestawi, chemchemi nazo huwa hai. Mkazi wa Ngamiani, mjini Tanga, anayefungua bomba asubuhi anahusika na majabali ya Amani hata kama hajawahi kupanda mlima.

Liko pia suala la haki, nami sitalipita. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu bioanuwai ulifunguliwa kutiwa saini Rio de Janeiro mwaka 1992, ukakiri kwamba kila nchi ina mamlaka juu ya mali yake ya kijenetiki na kwamba faida igawanywe. Saintpaulia ilikuwa imekwisha kuondoka miaka 100 kabla, na mkataba hauyafikii yaliyopita. Hakuna mahakama itakayoidai Erfurt wala Los Angeles. Hata hivyo deni lisilodaiwa mahakamani halijaacha kuwa deni. Kama mamilioni ya nyumba zimepambwa na ua hili kwa zaidi ya karne, basi vyama vya wapenzi wake na wafanyabiashara wake wanaweza kulipa mishahara ya walinzi wa misitu ya Amani, Uluguru na Mbololo bila kuhisi uzito wowote. Hiyo ingekuwa heshima iliyo sawa. Kupanda nakala za rangi mpya na kuzipa jina la Afrika hakutoshi.

Nasi tuna sehemu yetu. Wamijikenda waliitunza misitu ya kaya kwa miiko ya wazee, wakakataza kukata miti, na mwaka 2008 UNESCO ikaiingiza baadhi ya misitu hiyo katika Urithi wa Dunia. Kwa hiyo watu wa pwani hii wanajua kulinda kivuli kwa sheria yao wenyewe. Hilo halihitaji kufundishwa na mtu kutoka mbali.

Ukipata nafasi ya kupanda Amani kutoka Muheza, lipa ada ya hifadhi, chukua mwongozaji wa kijijini, umwombe akufikishe kwenye majabali. Usichume jani, hata moja. Za kupanda nyumbani zinauzwa na wauza miche mjini. Walimu wa Muheza, Lushoto, Wundanyi na Kaloleni, wapelekeni wanafunzi waione ilipo, na muwatajie miti inayoifunika kwa majina ambayo babu zao wanayatumia. Na kamati za mazingira za vijiji vinavyopakana na misitu hii ziyahesabu majabali yenye Saintpaulia, ziyaandike katika mipango yao ya matumizi ya ardhi, na zikataze kukatwa mti wowote unaoyatia kivuli, ukiwa mzima au umekauka nusu.